Pupa Hapasuki, Mtoto Haelewi: Kukagua Somo la Ukuaji wa Kipepeo

Mwalimu yeyote wa awali au wa darasa la kwanza na la pili aliyewahi kufuga viwavi darasani anaijua siku ile: unafunua ndoo asubuhi, watoto wamekuzunguka, na kilichomo ndani sicho kilichochorwa kwenye manila ukutani. Au ndoo iko salama kabisa, kipepeo katoka mzuri wa kupendeza, na mtoto uliyemlenga anakuangalia kama vile hukumwambia lolote kwa wiki sita.

Mimi nafundisha Muheza, Tanga, ambako mchungwa hukosi hata nyuma ya choo cha shule. Kwa hiyo mdudu wetu ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya rangi ya krimu, anayetaga kwenye michungwa, milimau na midimu. Wanasayansi wanamwita Papilio demodocus. Yuko karibu kila mahali nchini, na kama kwenu hakuna shamba la machungwa, mdimu mmoja kwenye kopo utamleta. Kwa joto la huku yai huanguliwa ndani ya wiki moja, kiwavi hula wiki tatu hadi nne, na pupa, yaani hatua ya kutulia kati ya kiwavi na kipepeo, hukaa wiki mbili hadi tatu. Kabla ya kuanza piga hesabu hiyo na kalenda ya likizo. Nimeshaona pupa wakipasuka shule imefungwa, vipepeo wakajipigapiga kwenye chandarua hadi wakafa, na Januari hakuna aliyekumbuka somo lilihusu nini.

Darasani kwangu wamo watoto wa kila namna. Yupo mwenye usonji, yupo kiziwi, wapo wawili wenye uoni hafifu na mmoja wao ana ualbino, yupo anayejifunza taratibu sana, na wapo wasiotulia kwenye dawati hata dakika tano. Somo likikwama, nakagua kwa mpangilio uleule kila mara: kwanza chombo, kisha neno nililotumia, kisha zana, kisha ratiba. Mtoto namkagua mwisho, na mara nyingi huko sifiki, kwa sababu kosa nimeshalikuta njiani.

Viwavi wanakufa kabla ya wiki kwisha

Angalia wamekufaje, maana kila kifo kina sura yake.

Wamelegea, wamekuwa weusi na wananuka: ni ugonjwa, na chanzo chake kwa kawaida ni unyevu na msongamano. Ndoo ya lita 10 inatosha viwavi watano wakubwa, si ishirini. Usiifunike kwa mfuniko wake hata ukiutoboa matundu. Tumia kipande cha chandarua na mpira. Tandika gazeti chini na ulibadilishe kila siku pamoja na kinyesi chake. Aliyeugua mtoe, ndoo ioshe kwa sabuni na uianike juani.

Wamesinyaa, na majani yamekauka: ni njaa. Kiwavi wa siku za mwisho anakula kuliko unavyodhani, na tawi la Ijumaa halifiki Jumatatu. Litumbukize kwenye chupa ndogo ya maji, lakini uzibe mdomo wa chupa kwa pamba. Usipoziba, watateremka kwa shina hadi majini na kuzama, na utakuwa na kifo cha aina nyingine ya kueleza.

Wamekufa karibu wote siku moja, wakitetemeka na kutapika maji ya kijani: ni dawa. Shamba la machungwa lililopuliziwa wiki hiyo halifai, hata kama majani yanang'aa. Muulize mwenye shamba kabla ya kukata. Uliza pia kama mlinzi alipuliza dawa ya mbu darasani jana jioni. Mimi jibu la pili ndilo lililonichelewesha.

Hawali kabisa: wamepewa jani lisilo lao. Watoto huleta viwavi kutoka popote, na kiwavi wa mchungwa hagusi mchicha. Kanuni kwa watoto ni moja: ukimleta kiwavi, mlete na tawi ulilomkuta. Wenye manyoya hawaingii darasani hata kwa tawi. Wengine wanawasha vibaya, na mtoto asiyeweza kukueleza kinachomuuma atahangaika peke yake.

Akifa kiwavi, usimbadilishe kimyakimya kwa mwingine. Nilijaribu mara moja. Mtoto mwenye usonji, ambaye muhula mzima hakuwa ameniambia sentensi kamili, alisimama mbele ya ndoo akasema, "Huyu si yule." Alikuwa sahihi. Wiki nzima baada ya hapo hakuamini chochote nilichomwonyesha ndani ya ndoo ile.

Kimetoka kitu kingine

Umesubiri kipepeo, wametoka nyigu wadogo wadogo weusi kupitia kitundu kwenye ganda la pupa. Au kiwavi amekufa na pembeni yake kuna funza, kisha nzi. Watoto watahitimisha palepale kwamba kiwavi hugeuka nzi, na kwa ushahidi walio nao hawana kosa.

Nyigu na nzi wa aina hiyo hutaga mayai ndani au juu ya kiwavi au pupa, na watoto wao humla kutoka ndani. Ukiokota viwavi wakubwa shambani, baadhi wameshavamiwa kabla hujawaona. Okota mayai au viwavi wachanga kabisa, wale wanaofanana na kinyesi cha ndege, na utumie chandarua chenye matundu madogo.

Yakishatokea, sema ukweli kwa maneno machache: "Nyigu alitaga ndani yake. Watoto wa nyigu wamemla." Wengi wataelewa kuliko unavyotarajia, maana wameona kuku akimla panzi. Kwa mtoto anayejifunza taratibu, usiliingize jambo hili kabla hajashika kwamba kiwavi huwa kipepeo. Weka ndoo pembeni, anza na nyingine, nyigu watafika siku yao.

"Mwalimu, amekufa"

Hapa ndipo somo linapovunjika mara nyingi, na ndipo nimelipia makosa mengi.

Kiwavi ameacha kula, amejishika kwenye kijiti kwa mkia na kwa uzi mwembamba wa hariri uliomzunguka kama mshipi, amejikunja, halafu siku moja au mbili baadaye amegeuka kitu kisicho na miguu wala mdomo. Mtoto anasema amekufa. Anza na neno.

Neno "pupa" kwa mtoto yeyote anayezungumza Kiswahili nyumbani lina kazi nyingine tayari. Bibi kamwambia asile kwa pupa. Kwa hiyo ukisema "sasa kiwavi amekuwa pupa", kichwani mwake amesikia kwamba kiwavi ana uroho. Wengi wa watoto wangu nawapa sentensi ya kushikia: kiwavi anakula kwa pupa, halafu anakuwa pupa. Wanacheka, hawaisahau. Lakini kwa mtoto anayechukua maneno kama yalivyo, utani huo unaongeza ukungu. Kwake nasema "kipepeo anatengenezwa humu", naonyesha kwa kidole, na neno pupa linakuja baadaye kama jina tu.

Jihadhari pia na "kifukofuko". Hicho ni kile kitambaa cha hariri anachojisokotea nondo wa hariri kabla ya kugeuka. Kipepeo wetu wa mchungwa hana. Pupa wake yuko wazi, ngozi tupu. Picha nyingi za ukutani huchanganya viwili hivi, na mtoto mwenye jicho kali atatafuta kitambaa ambacho hakipo.

Baada ya neno, kagua uhai wenyewe. Pupa hai ni mzito kiasi ukilinganisha na ukubwa wake, na ukimgusa kwa unyoya mara nyingine huchezesha sehemu ya nyuma. Karibu na kutoka, rangi za mabawa huonekana kupitia ganda, unaona weusi na madoa kama kupitia karatasi yenye mafuta. Aliyekufa ni mwepesi na mkavu, au amelainika na kutoa harufu, au ana kitundu. Wakati wa baridi ya Juni na Julai mpe muda zaidi kabla hujamhukumu.

Watoto nawaeleza habari za jirani zetu wa Amani, huko juu milimani Usambara Mashariki, ambako wanavijiji hufuga vipepeo na kwa miaka mingi waliwauza nje ya nchi wakiwa pupa, wakiwa wamepangwa vizuri kwenye visanduku. (Biashara ilipigwa breki 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje, lakini hiyo ni hadithi ya wakubwa.) Walisafirishwa wakiwa pupa kwa sababu kipindi hicho kipepeo hali, hanywi na hatembei. Mtoto mmoja aliuliza, "Kwani Wazungu wananunua maiti?" Darasa zima likajijibu lenyewe.

Kisha kuna kusubiri. Wiki tatu kwa mtoto wa miaka sita ni sawa na mwaka. Kwanza nilitundika vibanio vya nguo kumi na vinne kwenye kamba, kila siku tukitoa kimoja. Vibanio vikaisha, pupa hakupasuka. Mtoto wangu wa usonji alijitupa chini, na alikuwa na haki yote: nilimpa ahadi kwa vibanio, nikaivunja. Sasa tunahesabu kwa kuongeza. Kila asubuhi kibanio kimoja kinapanda kambani, na hakuna anayeahidiwa mwisho. Akitoka, tunahesabu vilivyopo. Mwaka huo ndoo ya kwanza ilikuwa kumi na sita, ya pili kumi na tisa, na nikapata somo la hisabati bila kuliandalia.

Akitoka na mabawa yaliyokunjamana hadi jioni, chombo ndicho kimekosa. Kipepeo anayetoka hana budi kupanda mahali akaning'inia ili mabawa yajae na kukauka, kazi ya saa moja au zaidi. Pupa uliyemlaza kwenye pamba kwenye kisahani hana pa kupanda. Pupa akianguka kutoka kijitini, mweke ndani ya koni ya karatasi kama zile za kuuzia karanga, kichwa juu, uibandike koni pembeni mwa ndoo ambako kuna kitambaa cha kukwaruza. Na mtu asimguse saa hiyo, hata mwalimu mkuu.

Utaona pia tone la maji mekundu au ya kahawia chini yake. Watasema anatoka damu. Ni taka alizokusanya akiwa pupa. Waambie jana yake, si baada ya kelele kuanza.

"Huyu si yule"

Mtoto anakataa kwamba kiwavi wa leo ni yule wa juzi. Usimpinge haraka. Kiwavi wa mchungwa anapokuwa mdogo ni wa kahawia iliyoiva na doa jeupe, mithili ya kinyesi cha ndege. Akijivua ngozi mara ya mwisho, anakuwa wa kijani kibichi. Tena huweza kutokea usiku. Mtoto ameacha kahawia jana, amekuta kijani leo, na wewe unamtaka aamini. Ningekuwa yeye nami ningedai umembadilisha.

Dawa yake ni kiwavi mmoja chupa moja. Ndoo ya watano ni nzuri kwa kutazama, lakini kwa kufuatilia kiwavi mmoja hadi mwisho haifai. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, mdudu mmoja, na alama ya mtoto mwenyewe: utepe wa rangi yake au picha yake. Piga picha kwa simu kila asubuhi ukiwa umesimama palepale, kopo na utepe vyote vionekane. Ukizipitisha haraka kwa kidole, mabadiliko yanaonekana kama sinema. Tafuta pia ngozi aliyoivua. Wakati mwingine huila, lakini kile kiganda kidogo cha kichwa huwa kinabaki chini, na mtoto akikiona ameshika ushahidi wake.

Huyohuyo anaweza kukuletea shitaka lingine: umesema mdudu ana miguu sita, na kiwavi anayo kumi na sita. Amehesabu vizuri. Miguu halisi ni sita ya mbele, yenye viungo na ncha kali. Ile mingine kumi, jozi tano za nyuma, ni minene na laini, ya kushikia tu, na kipepeo hana. Kwa mtoto huyu nililazimika kuweka rangi mbili kwenye mchoro na kumruhusu anisahihishe mbele ya wenzake. Alifurahi kupita kiasi.

Hataki kusogea, au anasogea na kufinya

Kwanza ujue ni nini hasa anachokikataa. Kiwavi huyu akisumbuliwa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Kwa mtoto ambaye pua yake inasikia kila kitu, harufu hiyo peke yake yatosha kumtoa darasani. Mwingine anachoogopa ni mjongeo. Mwingine nyumbani kwao wamemfundisha, kwa nia njema, kwamba kiwavi huwasha, na kwao kweli wapo wanaowasha.

Usimlazimishe kushika ili "azoee". Weka duara la chaki sakafuni, la karibu na la mbali, na yeye achague pa kusimama. Aangalie picha kwenye simu kwanza. Mpe kazi ya mbali inayohesabika: kuleta majani mapya, kubadilisha gazeti la zamu, kupandisha kibanio. Kazi hizi pia ndizo dawa yangu kwa asiyetulia. Mtoto niliyekuwa namkemea kwa kutembeatembea sasa ni bwana majani, anatoka mara mbili kwa siku na rafiki yake hadi kwenye mdimu, na akirudi anakaa.

Kama uoga ni mkubwa, badilisha mdudu. Kunde zilizobunguliwa, zile ambazo mama angezimwaga, ni shule kamili ndani ya chupa iliyofungwa kwa kitambaa. Mdudu wa kunde hubandika vijiyai vyeupe juu ya punje. Buu anajichimbia ndani, anakuwa pupa humohumo, na baada ya wiki tatu nne za joto anatoka mdudu mzima na kuacha tundu la duara. Hakuna harufu, hakuna anayetambaa mkononi, na gharama ni kikombe cha kunde. Upungufu wake ni kwamba mambo makubwa yanatokea ndani ya punje. Pasua chache kila wiki uwaonyeshe.

Anayefinya si mkatili. Mara nyingi vidole vyake havijui nguvu ndogo ikoje, hasa kwa mwenye mtindio wa ubongo. Mpe kazi ya kushika kijiti na si mdudu, au kiwavi atembee juu ya jani lililolala kwenye kiganja kilicho wazi mezani. Kiganja wazi hakifinyi.

Anapanga kadi vizuri, lakini hajui kitu

Kadi nne, yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Anazipanga kila siku bila kosa na wewe unajaza "amemudu". Mgeuzie kadi ya kwanza, uweke kiwavi mbele. Akichanganyikiwa, alikariri mahali pa rangi tu.

Tatizo mara nyingi ni zana yenyewe. Kadi zote ni za ukubwa mmoja, basi yai ni sawa na kipepeo. Yai la kweli ni kama kichwa cha pini. Kiwavi kwenye kadi ana macho makubwa na anatabasamu. Kwenye ndoo hana tabasamu wala macho ya namna hiyo. Tumia picha za ndoo yenu wenyewe. Kwa anayejifunza taratibu anza na mbili tu, kiwavi na kipepeo, hadi azishike. Kisha ingiza pupa katikati. Yai liwe la mwisho, maana ndilo dogo na lisilofanya kitu. Usikimbilie nne kwa sababu maandalio ya somo yanasema nne.

Halafu kuna ule mduara wenye mishale. Sisi wakubwa tunauona kama kizazi kinachofuata kizazi. Mtoto anaona kipepeo akirudi kuwa yai. Nilikuja kugundua hivyo siku msichana mmoja alipokaa na kipepeo aliyechoka akingojea ajikunje awe yai. Nimeufuta mduara. Sasa nachora mstari: yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na kutoka kwa kipepeo jike vinashuka vimstari vingi kwenda mayai mengi, kama mchoro wa ukoo. Bibi, mama, wewe. Watoto wanajua kwamba bibi hageuki kuwa mtoto mchanga.

Njia nyingine ya kupima asiyesema wala kuandika ni khanga. Analala amejikunja, ndiye yai. Anatambaa akila, ndiye kiwavi. Anajifunika khanga, kimya. Anaifungua na kutandaza mikono, ndiye kipepeo. Mwenye kiti cha magurudumu anajifunika na kufunua palepale. Wapo wasiovumilia kufunikwa, nao hushika mwanasesere wakamfunika yeye. Angalia nani anakula akiwa ndani ya khanga. Huyo bado.

Anachanganya wadudu na visivyo wadudu

Hapa lugha yetu ina mkono wake. Kwa Kiswahili cha nyumbani mdudu ni buibui, ni tandu, ni konokono, ni kile kilichomwingia mtu tumboni. Mtoto akisema nyoka ni mdudu anarudia alichosikia. Sema wazi: "Nyumbani tunaita wadudu wengi. Hapa darasani mdudu ni mwenye miguu sita akiwa mkubwa." Buibui ana minane, anatoka.

Kiluwiluwi ni mtego zaidi. Neno hilo ni la mtoto wa chura na pia la buu wa mbu, na wote wako majini, wote wanachezacheza. Ukifundisha mbu na chura muhula mmoja utavuna chura mwenye mabawa. Tenganisha kwa wiki kadhaa na useme kila mara "kiluwiluwi wa mbu". Kama unamfuga huyo wa mbu kwenye chupa, ana haraka, siku saba hadi kumi na nne tangu yai, hivyo funga chandarua vizuri na umwage maji juani kabla hawajaruka. Mzazi akikuta unazalisha mbu shuleni, hutakuwa na la kujitetea.

Usimpeleke panzi au senene kwenye kadi za kipepeo. Hao hawana pupa. Mtoto wao, tunutu, anafanana na mkubwa ila hana mabawa kamili. Watoto wenye ndugu Bukoba wataleta habari za senene tu, kwa hiyo uwe na jibu.

Haoni, hasikii

Mtoto kiziwi anaonekana hayupo somoni. Jirekodi kwa simu dakika tano uone unachofanya. Mimi nilijikuta nasema huku naonyesha ndani ya ndoo. Anayesikia hutazama ndoo na kusikiliza kwa pamoja. Kiziwi ana macho mawili tu: ama ndoo, ama mikono ya mwalimu. Onyesha kwanza, nyamaza, mwache ashibe kutazama. Kisha funika ndoo, mtazame, toa alama. Kwa hatua ambazo hamna alama yake, muulize mtu mzima kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania kabla hujabuni yako. Ukishaipata, darasa zima liitumie.

Kwa asiyeona, tengeneza vya kushika, lakini linda uwiano. Punje ya ulezi iliyogundishwa kwenye jani la kweli ni yai. Kamba nene ya katani yenye mafundo ni kiwavi, na hapa Tanga katani haikosekani. Kitambaa kilichotiwa wanga kikakauka kimekunjwa ni pupa, na kikifunguliwa ndani yake kuna mabawa ya kitenge. Andika majina kwa nukta nundu kama anaisoma. Mpe pia ganda tupu la pupa alishike. Ni jepesi kiasi kwamba anayeona pia atajifunza kitu akifumba macho.

Mwenye ualbino akishindwa kuona yai juu ya jani, usidhani hajali. Mwanga mkali unamsumbua, na yai ni dogo hata kwako. Piga picha kwa simu, ikuze, mpe aisogeze karibu na jicho atakavyo. Matembezi ya kwenda mdimuni yawe kabla ya saa tatu asubuhi, na kofia na mikono mirefu. La sivyo letea tawi kivulini.

Analia siku ya kumwachia

Tulikuwa tumejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hili. Amemlisha wiki nne, amengoja tatu, na sasa unafungua chandarua na kumwambia apunge mkono.

Kosa ni la ratiba: siku ya kuachia ilikuja ghafla. Iweke kwenye picha za ratiba tangu kiwavi akiwa mdogo: ndoo, kisha mlango wazi, kisha mti. Siku hiyo yeye ndiye afungue, si wewe. Mfungulieni chini ya mdimu uleule mliochuma majani, asubuhi jua likiwa limepasha kidogo, kwa sababu kipepeo mwenye baridi haruki na utaonekana umemuua. Anayetaka kubaki na kitu abaki na ganda la pupa kwenye kiberiti.

Kesho yake wapeleke kwenye mdimu mkatafute mayai, juu ya majani machanga ya ncha za matawi. Mara nyingine hamtakuta. Mtoto wangu wa usonji alikwenda siku nne mfululizo, ya tano akarudi ameshika tawi kwa mikono miwili, akaliweka mezani kwangu juu ya madaftari, na kunyoosha kidole.